Kituo Kimoja Hakijioni: Homa, Darubini na Ushirikiano wa Vituo vya Afya Dar es Salaam

Mtoto wa Kibamba akishikwa na homa usiku, mama yake hungoja kupambazuke, kisha humbeba hadi zahanati iliyo karibu. Huko mtoto hupimwa joto, hutobolewa kidole, na baada ya kungoja kwenye benchi mama hupewa karatasi yenye jibu, pamoja na dawa. Kwa miaka mingi, Kibamba kama ilivyokuwa Mbagala, Tandale na Buguruni, jibu hilo aghalabu lilikuwa moja: malaria. Mama alirudi nyumbani ameridhika, mganga aliita mgonjwa mwingine, na mtoto, mara nyingi, alipona. Hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kushuku jambo lolote.

Makala haya yanaeleza jinsi ilivyobainika kwamba sehemu kubwa ya majibu hayo haikuwa sahihi, kwa nini hakuna kituo hata kimoja ambacho kingeweza kuligundua kosa hilo peke yake, na jinsi vituo vya Dar es Salaam vilivyolipunguza kwa kufanya kazi pamoja. Ndani yake mna hesabu, lakini si zaidi ya asilimia na mgawanyo wa kawaida. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa hisabati wanaweza kulifundisha somo hili kwa zamu.

Ngazi za huduma

Utaratibu wa afya nchini Tanzania umejengwa kwa ngazi. Chini ipo zahanati, juu yake kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na kuendelea hadi hospitali ya taifa. Ngazi za chini zilienezwa kwa kasi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hasa katika miaka ya 1970, Serikali ilipoamua kuelekeza fedha vijijini badala ya kuzirundika katika hospitali kubwa za mijini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ni ya kipindi hicho hicho, na Tamko la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi liliikuta Tanzania ikiwa njiani tayari.

Jiji la Dar es Salaam lilikuwa na bahati ya namna yake. Lilikuwa na Muhimbili, hospitali kubwa kuliko zote nchini, lakini zahanati zake zilichakaa huku watu wakizidi kumiminika. Mwaka 1990 ulianza mradi wa afya wa jiji, uliosaidiwa na Uswisi, ambao ulikarabati zahanati na vituo vya afya na kuzipa nguvu hospitali tatu za Amana, Temeke na Mwananyamala, moja kwa kila wilaya ya wakati huo. Kibamba ipo pembezoni kabisa mwa mpangilio huu, kando ya Barabara ya Morogoro, karibu na mpaka wa Mkoa wa Pwani. Ilikuwa chini ya Kinondoni hadi ilipoundwa Manispaa ya Ubungo mwaka 2016. Hospitali ya Mloganzila, ambayo leo ni jirani yake, haikuwapo katika miaka inayozungumzwa hapa.

Ngazi hizi zina dosari moja ambayo haionekani kwenye mchoro. Mgonjwa hupanda kutoka zahanati kwenda hospitali akiwa na barua ya rufaa, lakini habari zake mara nyingi hazishuki. Mganga wa zahanati aliyeandika malaria hapati barua ya kumwambia kwamba hospitalini mtoto yule alikutwa na nimonia. Basi kesho yake huandika malaria tena, kwa dhamira safi kabisa.

Vioo vya damu vya mwaka 2005

Uchunguzi wa malaria kwa darubini ni kazi ya ustadi. Tone la damu hutandazwa juu ya kioo, huachwa likauke, hutiwa rangi ya Giemsa, kisha hutazamwa kwa lenzi ya mafuta inayokuza takriban mara 1,000. Kimelea huonekana kama kidoa chekundu chenye utepe wa buluu pembeni yake. Tatizo ni kwamba rangi iliyokaa muda mrefu au iliyochanganywa na maji machafu huacha chembe zinazofanana sana na kidoa hicho. Vumbi nalo hufanya hivyo hivyo, na mikwaruzo ya kioo kilichooshwa na kutumiwa tena haina tofauti kubwa. Kukisoma kioo kimoja kwa makini huhitaji dakika kadhaa. Mtaalamu aliye peke yake, mwenye foleni ya watu mlangoni, hana dakika hizo.

Mwaka 2005 watafiti walikusanya vioo vya damu vilivyokwisha kusomwa katika vituo vya umma vya ngazi zote jijini Dar es Salaam, wakavipeleka kwa wasomaji mabingwa ili visomwe upya. Katika usomaji wa kawaida wa vituo, asilimia 53 ya vioo vilikuwa vimeandikiwa kwamba vina vimelea. Mabingwa walivikuta katika asilimia 2 tu.

Tofauti hii ni kubwa mno, na inafaa kuchambuliwa kwa hesabu. Utafiti huo ulipima mambo mawili. Jambo la kwanza ni uwezo wa kumtambua mgonjwa: kati ya watu 100 wenye vimelea kweli, usomaji wa vituo uliwapata kama 71. Jambo la pili ni uwezo wa kumwondoa asiye mgonjwa: kati ya watu 100 wasio na vimelea, usomaji uliwaondoa kama 47 tu, na 53 waliosalia wakaitwa wagonjwa wa malaria.

Ichukuliwe sasa kwamba watu 1,000 wenye homa wamefika katika vituo hivyo. Kwa kipimo cha mabingwa, watu 20 kati yao wana vimelea na watu 980 hawana. Kati ya wale 20, darubini inawapata 14 na kuwakosa 6. Kati ya wale 980, inawaondoa 461 kwa usahihi, na kuwaita wagonjwa watu 519 ambao hawana malaria. Jumla ya walioambiwa wana malaria ni 14 na 519, yaani 533, ambayo ndiyo ile asilimia 53. Lakini katika watu hao 533, wenye malaria ni 14 peke yao. Hao hawafiki watu 3 kati ya kila 100 waliopewa dawa.

Upande wa pili wa hesabu ndio unaowadanganya watu. Walioambiwa hawana malaria ni 461 na 6, yaani 467, na kati yao 461 walikuwa hawana kweli. Jibu la "hapana" basi lilikuwa sahihi kwa karibu asilimia 99. Mtu akisikia tarakimu hiyo peke yake atadhani maabara ni nzuri sana. Lakini mwanafunzi na ajaribu hesabu hiyo hiyo kwa kurusha shilingi hewani badala ya kutumia darubini: upande mmoja "ana malaria," upande wa pili "hana." Wale 980 watagawanyika 490 kwa 490, na wale 20 watagawanyika 10 kwa 10. Jibu la "hapana" la shilingi litakuwa sahihi mara 490 kati ya 500, yaani asilimia 98. Ugonjwa ukiwa nadra, hata shilingi hupata sifa.

Kwa nini hakuna aliyeona

Ni rahisi kuwalaumu wataalamu wa maabara, na lawama hiyo haina msingi mkubwa. Walifundishwa katika nchi ambayo malaria ilikuwa imejaa, na kumkosa mwenye malaria ni kosa linaloweza kuua katika muda wa siku chache. Aliyeona kidoa cha kutiliwa shaka aliandika kwamba kimelea kipo, akiamini anamkinga mgonjwa. Mganga naye alizoea kulipata jibu hilo, na maabara iliyoandika "hakuna" mara nyingi mno ilionekana haijui kazi. Ilhali jiji lilikuwa limebadilika. Maeneo yaliyojengeka yana mazalia machache ya mbu aina ya Anofelesi kuliko mashamba na mabonde, vyandarua vilikuwa vimeenea zaidi, na kuanzia mwaka 2004 jiji lilikuwa na mpango wake la kudhibiti mbu hao. Malaria ilipungua, lakini desturi ya kuiandika haikupungua pamoja nayo.

Sababu iliyo ya kina zaidi ni hii. Homa nyingi za watoto husababishwa na virusi, na mwili huzishinda wenyewe katika siku chache. Mtoto mwenye homa ya virusi akipewa dawa ya malaria, atapona, na kila mtu ataihesabia dawa ushindi ambao si wake. Mtoto ambaye hakupona hakurudi zahanati ile ile. Mama alimpeleka kwingine, pengine hospitali, pengine kwa mganga wa jadi, pengine kaburini. Kwa hiyo kituo kiliwaona waliopona na hakikuwaona walioshindwa. Daftari lake lilikithibitishia kila mwezi kwamba kinafanya vema.

Jambo hili si la Tanzania wala la malaria peke yake. Mwaka 1947 madaktari wawili wa Marekani, Belk na Sunderman, walichapisha matokeo ya jaribio la kupeleka sampuli zile zile katika maabara za hospitali za jimbo la Pennsylvania. Majibu yaliyorudi yalitofautiana kupita kiasi, hata kwa vipimo vya kawaida kama sukari. Kila maabara ilikuwa imejiona ni sahihi, kwa sababu haikuwa na cha kujilinganisha nacho. Kutokana na aibu hiyo ulizaliwa utaratibu, ambao leo umeenea duniani kote, wa maabara kupelekewa sampuli zisizojulikana na kulinganisha majibu.

Kipimo cha haraka, na vituo vilivyobaki bila kipimo

Mwishoni mwa mwaka 2006 Tanzania iliacha dawa ya SP na kuanza kutumia dawa mseto, ambayo ni bora zaidi lakini ni ghali mara nyingi kuliko klorokwini ya zamani. Kumpa dawa hiyo kila mwenye homa kulikuwa sasa ni hasara inayohesabika. Ndipo kilipoletwa kipimo cha haraka cha malaria.

Kipimo hiki hakihitaji darubini. Ndani ya kikasha cha plastiki mna utepe wenye kingamwili zinazonasa protini inayotolewa na kimelea Plasmodium falciparum. Tone dogo la damu likiwekwa pamoja na maji maalumu, hutambaa kwenye utepe kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Protini ikiwapo, hutokea mstari wa rangi. Mstari mwingine, wa uthibitisho, hutokea kwa vyovyote vile ili kuonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Jibu hupatikana katika dakika 15 hadi 20. Kipimo kina udhaifu wake pia: protini ile hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, na joto kali la ghala huweza kukiharibu. Lakini mstari hausomwi kwa namna nyingi kama kidoa cha kwenye kioo.

Mwaka 2007 kipimo hicho kilianza kutumika katika hospitali tatu za wilaya za Dar es Salaam na vituo sita vya ngazi za chini, kwa jumla vituo tisa. Waganga walifundishwa kwanza. Jambo la busara zaidi, ambalo mwanafunzi wa sayansi anapaswa kulizingatia, ni kwamba vituo vingine vitatu vinavyofanana na vile viliachwa kwanza bila kipimo, ili viwe ulinganisho.

Umuhimu wa vituo hivyo vitatu unaonekana katika matokeo. Katika vituo vyenye kipimo, matumizi ya dawa mseto yalipungua kwa asilimia 68. Katika vituo visivyo na kipimo nako yalipungua, kwa asilimia 32, kwa sababu ambazo hazikuhusu kipimo. Kama isingekuwapo ile mitatu ya ulinganisho, watu wangesema asilimia 68 yote ni kazi ya kipimo, nao wangekosea. Kwa kwinini ya sindano tofauti ilikuwa wazi zaidi: ilipungua kwa asilimia 63 palipokuwa na kipimo, na kuongezeka zaidi ya maradufu pasipokuwa na kipimo. Watafiti walipokaa ndani ya vyumba vya waganga miezi 18 baadaye na kuhesabu, waliona kwamba wagonjwa waliopewa dawa ya malaria walikuwa 22 kati ya 100 katika vituo vyenye kipimo, na 60 kati ya 100 katika vituo vya ulinganisho.

Hofu kubwa ilikuwa juu ya watoto. Je, mtoto mwenye homa ambaye kipimo kinasema hana malaria, akinyimwa dawa ya malaria, hatakufa? Swali hilo lilijibiwa na utafiti mwingine uliofanywa Dar es Salaam na Kilombero, uliochapishwa mwaka 2010. Watoto 1,000 wa umri wa chini ya miaka mitano walipimwa, 603 wakaonekana hawana vimelea, na takriban wote hao hawakupewa dawa ya malaria. Walifuatiliwa, na hakuna aliyepata madhara yaliyotokana na malaria iliyokoswa na kipimo. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria, wa umri wowote, apimwe kwanza.

Kosa linapohama

Habari hii ingekuwa nzuri kama ingeishia hapo. Katika vituo vile tisa, dawa za malaria zilipopungua, viuavijasumu, yaani antibiotiki, viliongezeka: kutoka wagonjwa 49 kati ya 100 hadi 72 kati ya 100. Mganga alikuwa ameambiwa mgonjwa huyu hana malaria, lakini hakuwa ameambiwa ana nini. Mama hawezi kurudi Kibamba mikono mitupu baada ya kupanda daladala na kungoja tangu asubuhi. Basi akapewa amoksilini au kotrimoksazoli.

Kosa lilikuwa limehama kutoka kabati moja la dawa kwenda jingine. Na hapa pana hatari ya muda mrefu, kwa maana bakteria wakizoeshwa dawa bila sababu huibuka wale wasiosikia dawa, na siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli dawa ya bei nafuu haitamfaa.

Ili kujua watoto hawa walikuwa na nini hasa, watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, kwa kila kipimo kilichowezekana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Malaria ilikuwa asilimia 10.5 tu. Maambukizo ya njia ya hewa yalikuwa asilimia 62.2, na kati ya hayo nimonia iliyothibitishwa kwa picha ya eksirei ilikuwa sehemu ndogo, kama 5 kati ya 100. Kwa jumla, watoto 70.5 kati ya 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi, na 22 kati ya 100 ugonjwa wa bakteria. (Malaria ikijumlishwa humo, jumla inazidi 100 kwa kuwa mtoto mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili. Mwalimu awaachie wanafunzi waligundue hilo wenyewe.)

Kwa hiyo ulihitajika mwongozo wa kumsaidia mganga kuwatenga wale wachache wanaohitaji kiuavijasumu na wale wengi wasiokihitaji. Mwongozo wa namna hiyo, uliowekwa ndani ya simu na kuuliza maswali kwa mpangilio, ulijaribiwa katika vituo vya Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Waganga walioufuata walitoa viuavijasumu kwa watoto 15 kati ya 100. Waganga wa vituo vya ulinganisho, walioendelea na kawaida yao, walitoa kwa watoto 84 kati ya 100. Waliopona kufikia siku ya saba walikuwa 97 kati ya 100 upande wa kwanza na 92 upande wa pili. Watoto waliopewa dawa kidogo hawakuumia zaidi.

Jaribio lililofuata lilifanywa katika kliniki tisa za Dar es Salaam kati ya mwaka 2014 na 2016, kwa watoto zaidi ya 3,000. Safari hii mwongozo uliongezewa vipimo vidogo vya kando ya kitanda, kama vile kipimo cha oksijeni ya damu kinachobanwa kidoleni na kipimo cha protini inayopanda mwili unapopambana na bakteria. Viuavijasumu vilitolewa kwa watoto 11.5 kati ya 100, wakati mwongozo uliotangulia, uliotumiwa katika kliniki hizo hizo kwa watoto wa kundi la pili, ulivitoa kwa 29.7. Walioshindwa kupona walikuwa 2.3 na 4.1 kati ya 100.

Tisa ni idadi ndogo ya kliniki, lakini hakuna mojawapo ambayo ingeweza kufanya kazi hii peke yake. Zahanati moja huona watoto wachache mno wenye nimonia kwa mwaka kiasi kwamba tofauti ya 2.3 na 4.1 ingepotea kabisa katika bahati nasibu. Zikiunganisha madaftari yao, bahati nasibu hupungua na tofauti hujitokeza.

Ushirikiano wa kila siku

Utafiti huja na fedha, kisha huondoka. Swali gumu zaidi ni nini kinachobaki mezani kwa mtaalamu wa maabara wa zahanati ya pembezoni baada ya watafiti kwenda zao.

Njia ya kale na ya bei nafuu ni kubadilishana vioo. Kila kituo huhifadhi vioo vyake. Kila mwezi vichache huchaguliwa kwa nasibu, vyenye jibu la "ndiyo" na vyenye jibu la "hapana," na kupelekwa kwa msomaji wa kituo kingine ambaye hajui jibu la kwanza. Masharti haya mawili hayana budi kuzingatiwa. Msomaji wa pili akijua jibu la kwanza, macho yake yatalifuata. Na wakichagua vile vya "hapana" peke yake, watafurahishwa na ile asilimia 99 iliyoelezwa hapo juu na kwenda nyumbani wakiwa hawajaona kitu.

Njia ya pili ni barua ya rufaa kurudi. Karatasi yenye mistari mitatu inayosema mtoto alifika, alikutwa na nini, na ameishiaje, humfundisha mganga wa zahanati kuliko semina ya siku tano. Ni ajabu kwamba jambo dogo hivi ndilo linalosahauliwa zaidi, labda kwa kuwa aliye juu ya ngazi haoni faida yake mwenyewe.

Ya tatu ni vituo vya eneo moja kukutana na tarakimu zao. Hapa pana mtego. Mtu akibandika ukutani orodha ya vituo kuanzia kilicho bora hadi kilicho hafifu, vilivyo chini vitajitahidi kurekebisha daftari kabla ya kurekebisha kazi. Kuanzia mwaka 2015 Wizara ya Afya ilianza kuvipima vituo vya msingi nchini na kuvipa nyota, kutoka sifuri hadi tano, na katika duru ya kwanza ni vichache sana vilivyofikia lengo la nyota tatu. Kipimo hicho kilikuwa na manufaa yake, kwa kuwa kila kituo kilitakiwa kuandika mpango wa kujirekebisha. Hata hivyo nyota huhesabu zaidi kile kinachoonekana, kama vile choo, maji, dawa na vyeti vya watumishi. Haziwezi kuingia ndani ya darubini na kutazama kidoa pamoja na msomaji. Anayeweza kufanya hivyo ni jirani wa kazi ile ile, ambaye naye vioo vyake vitasomwa mwezi ujao.

Zoezi la darasani

Vifaa: sanduku au mfuko wa giza, kokwa 98 za mahindi, punje 2 za maharage mekundu, bahasha ndogo 100 zilizokunjwa kwa karatasi za madaftari ya zamani, na shilingi moja.

Darasa ligawanywe katika makundi sita, na kila kundi liitwe kituo. Kila kituo kitie kokwa moja moja ndani ya bahasha 100 na kuzichanganya bila kuangalia. Kokwa ya mahindi ni mgonjwa wa homa asiye na vimelea. Harage ni mwenye vimelea. Kwa kila bahasha, mwanafunzi arushe shilingi bila kuifungua, aandike juu yake "ndiyo" au "hapana" kadiri shilingi itakavyoangukia, na kutunza hesabu.

Kisha vituo vibadilishane: kila kituo kimpe jirani yake bahasha 10 za "hapana," zichaguliwe kwa nasibu, naye azifungue. Matokeo yaandikwe ubaoni. Baada ya hapo kila kituo kimpe jirani bahasha 10 za "ndiyo," nazo zifunguliwe.

1. Kwa kutazama bahasha za "hapana" peke yake, je, msimamizi angekipa kituo sifa gani? Angekuwa amekosea wapi?

2. Kituo kimoja kinalalamika kwamba bahasha 10 ni chache mno kutoa hukumu. Je, malalamiko hayo yana haki kwa bahasha za "ndiyo"? Na kwa bahasha za "hapana"? Unganisheni matokeo ya vituo vyote sita kabla ya kujibu.

3. Rudieni zoezi mkitumia maharage 40 na mahindi 60, kama ambavyo ingekuwa katika kijiji chenye malaria nyingi. Shilingi ni ile ile na msomaji ni yule yule. Kwa nini jibu la "ndiyo" sasa linaonekana kuaminika zaidi kuliko mwanzo, na mtaalamu wa maabara aliyejifunza kazi katika kijiji hicho, kisha akahamishiwa Dar es Salaam, angehitaji kuambiwa nini na wenzake siku ya kwanza?